Anayetetea hati za Pwani aanzie 1908

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu ndugu yangu aliyeandika juzi kuhusu maskwota wa Pwani, yani watu wanaokaa na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwengine. Kwa kifupi alisema haki ya mtu kumiliki mali yake ndio nguzo ya nchi huru, ukianza kumnyang'anya mwenye hati ukampa asiye na hati ushaingia ujamaa, na ati hata wanafalsafa wakubwa wa uliberali wanasema hivohivo, akawataja Locke na Nozick. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, nimezaliwa kwenye shamba la mtu huku Kilifi, na hao aliowataja nimewasoma. Sikuwasoma kutafuta cheti, niliwasoma manake nilitaka kujua ni kwa nini babu yangu alikatazwa kupanda mnazi.

Wasiojua niwaeleze. Skwota akikaa kwenye shamba la bwanyenye anaruhusiwa kulima mahindi, muhogo, kunde, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mnazi haruhusiwi, mwembe haruhusiwi, mkorosho haruhusiwi. Huku Pwani mti wa kudumu una mwenyewe hata kama ardhi si yake, minazi imekuwa ikiuzwa na kurithiwa mbali na ardhi tangu zama za wazee, sasa mwenye hati anajua fika kwamba ukipanda mti umepanda dai. Babu alipanda miche 6 nyuma ya nyumba. Wakala wa mwenye shamba akaja na panga akaikata yote mbele yetu watoto, na ijara ya mwaka ule, yani kodi ya kukaa pale, akaichukua vilevile, bila risiti. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi ya chini ya nyumba si yetu. Hata Mombasa mjini mambo ndio hayo, mtu amejenga nyumba kwa pesa zake mwenyewe, ana bati lake na milango yake, lakini kila mwezi anamlipa mwenye kiwanja.

Sasa tuanze na huyo John Locke, maana ndiye baba wa hoja yenyewe. Kitabu chake kilitoka 1689 kule Uingereza na kuna sura nzima kuhusu mali. Anasema Mungu aliwapa wanadamu dunia kwa pamoja, lakini kila mtu anamiliki mwili wake, na kazi ya mikono yake ni yake, kwa hiyo akiichanganya kazi yake na kitu ambacho hakina mwenyewe, kile kitu kinakuwa chake. Ukilima konde, konde ni lako. Mimi nilivosoma hapo mara ya kwanza nilisimama nikatoka nje nikamuwaza babu. Kwa hoja hii ya Locke, nani mwenye lile shamba? Yule aliyefyeka na kupalilia miaka 40, au yule ambaye hatukuwahi kumuona sura, tulimjua kwa jina la wakala wake tu?

Na Locke aliweka masharti, hili ndugu yangu hakulitaja kabisa. Sharti la kwanza, ujimilikishe mradi uwaachie wengine kinachotosha na kilicho kizuri kama chako. Sharti la pili, usichukue kuliko unachoweza kutumia kabla hakijaoza, na anasema wazi kwamba mtu akizungushia konde ua alafu majani yakaozea mle ndani, matunda yakaharibika bila kuchumwa, ile sehemu ihesabiwe ni pori, na mwengine anaweza kuichukua. Hebu pita barabara ya Mombasa kwenda Malindi uangalie mashamba yaliyogeuka vichaka huku watu wamebanana pembezoni.

Sitaki nionekane nachagua maneno matamu peke yake. Locke huyohuyo baadaye analeta pesa kwenye hoja, anasema dhahabu haiozi, na watu kwa kukubali kutumia pesa wamekubali pia wengine wawe na ardhi kubwa kuliko wenzao. Hapo ndipo anapoponyoka kwenye masharti yake mwenyewe, na mimi sijawahi kuona babu yangu alikubali hivo lini na wapi. Kuna sentensi nyingine ya kuuma zaidi. Anasema majani aliyokula farasi wangu na udongo aliochimba mtumishi wangu ni mali yangu mimi. Yani jasho la mtumishi linahesabika ni la bwana! Ukijua kwamba Locke alikuwa na hisa kwenye kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikifanya biashara ya watumwa, ile Royal African Company, sentensi ile inasomeka vingine. Na sisi wa Pwani lazima tuisome polepole, kwa sababu mashamba makubwa ya nafaka ya Malindi na Mambrui katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku huku 1907 tu, juzijuzi kwa hesabu ya ardhi. Kama kanuni ni jasho, basi tuulize jasho la nani, na wajukuu wa waliotoka jasho lile wako wapi leo. Wengi wao wako pale pale, wanaitwa maskwota.

Alafu wenye mashamba wakakosa watumwa, wakataka vibarua. Wagiriama walikuwa wanajilimia wenyewe ng'ambo ya mto Sabaki, hawana shida ya kwenda kufanyia mtu kazi. Serikali ya kikoloni ikaamua watoke kaskazini ya mto. Hii ndio sehemu ya habari ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu kuwapinga Waingereza, ambayo watoto shuleni hawaambiwi vizuri, wanafundishwa kishujaa tu na ngoma, lakini ndani yake mlikuwa na suala la ardhi na kazi. Mwaka 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti na watu wakafukuzwa kwenye makonde waliyoyafyeka wenyewe. Mtu aliyechanganya jasho lake na ardhi akaondolewa kwa bunduki ili jasho lake likachanganywe na ardhi ya mwengine. Huyo Locke wa ndugu yangu angesemaje hapo?

Nije kwa Robert Nozick, manake huyu ndiye anayependwa na watu wanaosema kugawana ni wizi. Alikuwa profesa Harvard, kitabu chake kilitoka 1974, kumjibu mwenzake wa idara moja John Rawls aliyetoa cha kwake 1971. Wote wawili wamefariki mwaka mmoja, 2002. Mfano maarufu wa Nozick ni wa mcheza basketboli Wilt Chamberlain. Tuseme mali imegawanywa vile wewe unavoona ni haki, alafu watu milioni 1 kila mmoja kwa hiari yake anatoa senti 25 za dola kumuona Wilt akicheza. Mwisho wa msimu Wilt ana dola 250,000, kuliko mtu yeyote. Nani ameonewa? Kila mtu alitoa chake kwa kupenda. Kwa hiyo, anasema Nozick, ukitaka mgao ubaki sawa siku zote itabidi uingilie maisha ya watu kila siku, na kodi ya kipato cha kazi anaifananisha na kumfanyisha mtu kazi ya lazima.

Huo mfano ni mzuri na mimi sioni aibu kuukubali. Mcheza mpira, fundi seremala, mama wa mahamri mwenye mkono mtamu kuliko wa jirani, wapate wanachopata. Lakini angalia mfano umesimama juu ya nini. Umesimama juu ya zile senti 25 kuwa ni za halali ya mtoaji tangu mwanzo. Nozick mwenyewe anajua, ndio maana nadharia yake ina vipande vitatu. Cha kwanza ni haki katika kupata kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe. Cha pili ni haki katika kupeana, kwa kuuza, zawadi, urithi. Cha tatu ni kurekebisha dhulma iliyotokea katika viwili vya kwanza. Haangalii nani anacho kingi leo, anaangalia kilipitaje mpaka kikamfikia. Yani ni nadharia ya historia! Na mtu anayeitaja kutetea hati amekubali, atake asitake, kufungua historia ya ile hati.

Basi tuifungue. Mwaka 1895 Waingereza walichukua usimamizi wa mwambao wa maili 10 kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi za Pwani: mwenye dai alete dai lake kwa afisa, athibitishe, apewe hati, na ardhi isiyothibitishwa ni ya nani ikawa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliopata hati wengi walikuwa Waarabu, Waswahili wenye nafasi, Wahindi, Wazungu, watu waliokuwa na makaratasi na waliojua ofisi iko wapi. Mijikenda, yani Wagiriama na ndugu zao, ardhi yao ilikuwa ya ukoo, mzee mmoja hawezi kwenda kusema hii ni yangu mimi peke yangu, na sheria haikuwa na kisanduku cha ukoo. Kwa hiyo wakalala wenyeji wakaamka wako kwenye ardhi ya Mfalme au ya mtu.

Sisemi haya kumchongea kabila lolote. Kuna Waswahili na Waarabu maskini walionyang'anywa kama sisi, na kuna Mijikenda waliopata vyeo baadaye wakajikatia viwanja vya ufuo kama waliowatangulia.

Nozick ana swali moja zuri sana la kumcheka Locke. Anasema, nikimwaga mkebe wangu wa juisi ya nyanya baharini ikachanganyika na maji yote, je nimeimiliki bahari au nimepoteza juisi yangu kipumbavu? Watu wa pwani swali hilo tunalielewa haraka. Sasa ile ya 1908 hata juisi haikumwagwa. Ilimwagwa wino tu.

Na hapa ndio nataka ndugu yangu anisikilize. Katika kitabu hichohicho anachokitaja, Nozick anasema huwezi kutumia nadharia yake kupinga mpango wowote wa kugawa mali mpaka kwanza ithibitike hakuna dhulma ya zamani inayodai kurekebishwa. Anasema kuleta usoshalisti kama adhabu ya dhambi zetu ni kuzidisha, lakini dhulma za zamani zinaweza kuwa kubwa kiasi kwamba kwa muda itahitajika serikali yenye mkono mrefu zaidi ili izirekebishe. Maneno hayo ni ya mtetezi mkali kabisa wa mali binafsi. Hakuandika kurasa nyingi juu ya namna ya kurekebisha, na hilo ni pengo kubwa kwenye kazi yake, lakini mlango ameuacha wazi. Watu wetu wanamchukua Nozick kipande cha kwanza na cha pili, cha tatu wanakiacha mezani.

Rawls kwa kweli simhitaji kushinda hoja hii, ila nimtaje. Yeye anasema tufikirie tunapanga kanuni za nchi tukiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua atazaliwa nyumba gani, kwa mwenye hati au kwa asiye nayo. Nani pale atakubali sheria ya 1908? Anasema pia tofauti za mali zinakubalika zikiwa zinamfaidi yule wa chini kabisa. Na jambo ambalo wengi hawalijui, kwa Rawls haki ya mtu kuwa na vitu vyake binafsi ni katika haki za msingi, lakini kumiliki njia za uzalishaji hakuiweki kwenye daraja hilo. Nozick alimlaumu kwamba anaongea kuhusu mali kana kwamba imeshuka kama mana kutoka mbinguni, wakati vitu vinakuja duniani vikiwa tayari vimefungamana na waliovitengeneza. Kwa meza, kwa jahazi, kwa mahamri, Nozick ana haki hapo. Lakini ardhi? Nani aliyeitengeneza ardhi ya Kilifi? Kama kuna kitu duniani kilichoshuka kama mana ni hiki.

Mwalimu Nyerere alilisema hili 1958, kwenye kijitabu chake Mali ya Taifa, wakati serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipotaka kuanzisha umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, yani mtu awe nayo milele na aweze kuiuza. Hoja yake ni kama ya Locke lakini anaishia pengine. Nikifyeka pori, kilicho changu ni kazi yangu niliyoiweka pale, ardhi yenyewe ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, kwa hiyo nina haki ya kuitumia na hakuna wa kunifukuza, ila si yangu kuiuza kama mbuzi. Akaonya kwamba maskini wakiruhusiwa kuuza, baada ya miaka 80 au 100 ardhi yote itakuwa ya matajiri wa kigeni na wenyeji watakuwa wapangaji. Nikisoma hivo najiuliza kama alikuwa anatazama ng'ambo ya mpaka, manake sisi huku hatukungoja hata hiyo 80.

Lakini hata yeye simfuati mpaka mwisho, na hapa ndipo ndugu yangu anatusingizia ujamaa. Tanzania ardhi ilipowekwa mikononi mwa serikali, ile miaka ya 1973 mpaka 1976 watu wengi walihamishwa vijijini kwa nguvu, wakiacha nyumba na miti yao, na mtu hakuwa na karatasi ya kumuonyesha afisa. Mtu maskini anahitaji ukuta kati yake na wenye nguvu, awe bwanyenye awe bwana serikali, na hati ndio ukuta huo. Mimi siipingi hati, naitaka! Miaka 70 na kitu naitaka. Skwota hagombani na umiliki binafsi, anagombania aingie ndani yake, na ajabu ni kwamba wanaojiita watetezi wa umiliki ndio wanaomzuia mlangoni.

Sheria nayo inampiga mtu mwaminifu. Kwetu Kenya ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 waziwazi bila ruhusa yake naye akanyamaza, unaweza kwenda kortini kudai iwe yako. Lakini ukilipa ijara, hata shilingi 10, umekiri uko pale kwa ruhusa. Kwa hiyo babu yangu aliyelipa kila mwaka kwa heshima hakupata kitu, angekuwa mkorofi pengine leo tungekuwa na hati.

Najua kuna swali gumu na silikwepi. Kuna mtu kanunua shamba miaka 20 iliyopita kwa pesa zake halali, hakumdhulumu yeyote, hati ilionekana safi. Huyo naye afukuzwe? Hapana, huyo alipwe. Swali ni nani alipe. Kule Likoni kuna lile shamba la ekari 930, serikali ikakubali kulinunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 1, hati zikatolewa Januari 2016 kwa shangwe, alafu wakaaji wakaambiwa kila mmoja ajilipie sehemu yake. Shangwe ikanyauka pale pale. Kama tumekubali kwamba kuna dhulma inarekebishwa, tangu lini aliyedhulumiwa akalipia marekebisho? Na mwenye hati ya zamani aliyoipata kwa lile daftari la 1908, au kwa kugawiwa na mkubwa serikalini, huyo alipwe bei ya soko kwa hesabu gani? Mwaka 1963 kabla ya uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Shamte, walipeana barua kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote. Wakulima waliokuwa wanakaa juu ya hizo hati hakuna aliyewauliza.

Katiba yetu ya 2010 imejibu mengi ya haya na nashangaa ndugu yangu hakuifungua. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya kila mtu, na kifungu hichohicho mwishoni kinasema ulinzi ule hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhulma za kihistoria. Mwaka 2016 bunge likaeleza maana ya dhulma hizo, kuanzia Juni 1895 mpaka Agosti 2010, alafu likatoa miaka 5 tu ya kuleta madai. Miaka 5 kwa dhulma ya miaka 115! Wazee wa kijijini kwetu walisikia habari hiyo muda ukiwa umeshapita, fomu ni za Kiingereza, na ukitaka ramani ya 1908 uende Nairobi. Ni kisa kilekile cha kutojua ofisi iko wapi.

Kwa hiyo ninayoyataka ni haya na wabunge wa Pwani wayasikie. Safari hii tume ije vijijini isikilize madai kwa Kiswahili na Kigiriama, na ushahidi wa makaburi, visima na miti ukubaliwe sawa na wa karatasi. Madai ya ukoo yapokelewe kama ya ukoo. Pasiwe na bomoabomoa wala ijara kupandishwa wakati dai linasikizwa. Na marufuku ya kupanda miti ifutwe leo, hiyo haingoji tume. Aliyepanda mti ahesabiwe mti wake.

Ndugu yangu nikamkaribishe pia, nasema kwa moyo mkunjufu. Aje na hati moja yoyote ya shamba kubwa la huku anayoitetea, twende tukaitafute asili yake kwenye masjala, ukurasa kwa ukurasa mpaka yule wa kwanza kabisa. Akinionyesha huyo wa kwanza aliipata kwa namna ambayo Nozick angeikubali, nitaandika barua nyingine hapa kusema nilikosea. Wakati tunangoja, mamangu ana miaka 91, bado analipa ijara, na kwenye kile kiunga nyuma ya nyumba amepanda muhogo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Kilifi